Mvinyo wa Nchi ya Baridi na Uyoga wa Kidahwe

Tulipomzika mume wangu, mama yake aliacha kula. Alikunywa chai ya rangi tu, na nikimwekea ugali aliutazama kama mgeni asiyemjua. Wiki ya tatu pete ikawa inamchomoka kidoleni. Nilikuwa nimezika mmoja. Sikutaka kuzika wa pili.

Miaka hiyo ya wakimbizi nilikuwa nampikia daktari mmoja mzungu, mama wa makamo aliyekwenda makambini kutibu watu wetu waliotoka Burundi. Alipoondoka likizo alinipa chupa ya mvinyo mwekundu, imepungua glasi moja tu. Akanieleza kwamba zabibu zake huota kwenye miteremko ya nchi ya baridi, ndiyo maana ni mwepesi. Niupoze kidogo, niunywe na kuku, uyoga au samaki wa kuchoma. Dagaa nisithubutu.

Nyumbani kwetu Kibirizi kulikuwa na dagaa. Ningependa kusema nilimwekea mama mkwe dagaa makusudi ili nimchokoze, lakini sivyo. Dagaa ndio waliokuwepo.

Nikaizungushia chupa kitambaa kibichi, nikaiweka kando ya mtungi wa maji. Mchana nikammiminia mama mkwe kwenye kikombe cha chai, nikamwekea na sahani ya dagaa. Nilionja mimi kwanza, kama ilivyo desturi yetu, ajue sikutia sumu.

Lazima niseme kwamba huko mlimani tulikotoka mama huyu aliitwa kwenye harusi kuonja pombe ya ndizi kabla wageni hawajapewa. Akikunja uso, mwenye harusi alikimbia kutafuta mtungi mwingine.

Akainua kikombe, akachungulia ndani. "Mbona naona hadi chini? Wameongeza maji."

"Ndivyo ulivyo, mama."

Akanywa. "Mh. Aliyeupika huu ana adabu." Akatia dagaa mmoja mdomoni, akanywa tena, akakunja uso wote. "Mkamwana! Unanilisha misumari?"

Lakini dagaa alikuwa ameshamezwa. Nikajishughulisha na vyombo, nisije nikaharibu.

Kesho yake nikachoma mgebuka, samaki wa ziwani, nikammiminia tena mvinyo. Akala kipande ili apate la kulaumu, akala cha pili ili awe na hakika. "Huyu anavumilika. Ila umemkausha. Pombe hii ni binti mpole, wewe unamwoza kwa mume wa makelele."

Nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba, kisha nikaona aibu.

Siku ya tatu nilikwenda Kidahwe. Mvua zilikuwa zimeanza, na wanawake walikaa kando ya barabara na vikapu vya uyoga wa porini. Niliupika kwa kitunguu na chumvi tu, nikasonga ugali wa muhogo, nikamimina mvinyo uliobaki.

Nilikaa nasubiri kutukanwa. Tonge, funda, tonge, funda, mpaka akafuta bakuli kwa kidole.

"Mwanangu angeupenda?" akauliza.

Ningeweza kusema ndiyo. "Hapana, mama. Angesema hauna nguvu, tumpe bia."

Akacheka mpaka akapaliwa. "Tangu ujana alikuwa hajui kunywa, maskini. Haya, songa ugali mwingine. Huu umeisha."

Nikasonga. Unga ulikuwa mchache, ukatoka laini kama uji mzito, naye akalilalamikia hilo pia, mdomo umejaa.