Chai ya Mama Mezani pa Watu

Nilimwonea wivu mwanamke yule kwa sababu mama yake alikufa vizuri kuliko mama yangu. Najua ni neno baya, lakini ndivyo nilivyohisi. Sote wawili tulikuwa manesi katika nyumba moja ya wazee huko Maplewood, jimbo la Minnesota, yeye Mmeksiko, mimi Mkenya, na mama zetu walifariki mwaka mmoja. Yeye alikwenda kwao akazika. Mimi karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado hazijatoka, nikatazama mazishi kwenye simu, na jeneza lilipoanza kushushwa picha ikakwama.

Kumbe hata kuzika hakukumtosha. Kila mwanzo wa Novemba, siku ambazo kwao wafu hurudi kula na walio hai, mama yake humtembelea. Aliniambia hivyo tukipanga dawa za asubuhi, kwa sauti ya mtu anayetarajia mgeni wa kawaida: "Jumamosi Mama anakuja na sijanunua hata maua." Mimi nikaendelea kuhesabu vidonge, roho ikiniuma. Wangu haji. Kanisani kwetu, katika mji jirani wa Crystal, tunafundishwa kwamba wafu wamelala na hawali kitu, na tangu matanga yaishe hakuna mtu Minnesota nzima aliyeniuliza mama yangu alikuwa mtu wa namna gani.

Nadhani aliusoma uso wangu. "Mlete na wako," akasema. "Leta picha yake, na kitu alichopenda kula."

Jumamosi asubuhi niliendesha gari hadi kwake Saint Paul. Sebuleni alikuwa ametandika meza ya ngazi ngazi, na maua ya rangi ya chungwa yenye harufu kali, mishumaa, chumvi kwenye kisahani, glasi ya maji kwa wenye kiu ya safari. Mama yake alicheka kwenye fremu. Mbele yake kulikuwa na kahawa ya mdalasini, mkate wa sukari na pakiti ya sigara.

"Daktari alimkataza," akaniambia, akiinyoosha ile pakiti ikae sawa. "Alikuwa akivuta chooni, akidhani sijui."

Alijua kila kitu, mwanamke huyu. Alijua hata siri za chooni. Nilitamani meza ile imwangukie.

Lakini na mimi sikwenda mikono mitupu. Nilikuwa nimeamka mapema nikakaanga mahamri, nikachemsha chai ya maziwa yenye tangawizi, nikaitia vijiko vinne vya sukari, maana mama yangu chai ya vijiko vitatu aliiita maji ya kuoshea vikombe. Nikaweka picha yake, nikaweka kikombe, nikarudi nyuma nikaangalia. Ilipendeza. Nikapiga picha nikamtumia dadangu mdogo, yule aliyebaki nyumbani na kukaa na Mama hadi mwisho. Nikaandika, "Nimemwandalia Mama." Kusema kweli sikuwa nikimpa habari. Nilitaka aone kwamba na mimi ninaye.

Alipiga simu papo hapo. Kwao ilikuwa jioni.

"Hiyo chai umeweka sukari?"

"Vijiko vinne. Si unamjua Mama."

"Aki sister, Mama aliacha sukari kitambo. Miaka sita. Alikuwa anadungwa insulini asubuhi na jioni."

Nilikaa kwenye kochi la watu bila kukaribishwa. Miaka sita nilimpigia kila Jumapili. Kila Jumapili nilimuuliza, "Umeshakunywa chai?" naye alijibu, "Nimekunywa, mwanangu, na ni tamu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ni yeye alikataa. Alisema wewe unashinda na wagonjwa kutwa, ukimpigia yeye upumzike."

Mwenyeji wangu alikuwa amesimama na kiberiti mkononi. Hakuelewa Kiswahili, lakini aliacha kuwasha mshumaa. Mimi huwadunga mama za watu sindano kumi na moja kabla ya saa mbili asubuhi, na wengi wao hawahisi.

"Nani alikuwa anamdunga?" nikauliza.

"Ni mimi," dadangu akasema, na sauti yake haikuwa ya huruma tena. "Nilikuwa namuumiza, mkono wangu mzito. Kila asubuhi Mama ananiambia, angekuwa dada yako, nisingesikia kitu."