Mapheello Hakupaza Sauti

Maji ya bonde letu yametembea kuliko mwenyeji yeyote wa Ha Sekhonyana. Yanatoka bwawani, yanapita chini ya mlima, yanatokea nchi ya jirani, na huko watu wanamwagilia maua. Sisi tunaokaa ukingoni mwa bwawa lenyewe tunashuka na ndoo hadi chemchemi ya ng'ombe, na theluji ikianguka tunavunja barafu kwanza kwa kisigino. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani Mapheello alikuwa mgomvi wa bure.

Simsifu kwa sababu ni rafiki yangu. Maudhi anayo. Ataingia jikoni kwako, afunue sufuria, akwambie mboga umezipika zikafa mara mbili. Mumewe, Chifu Letlatsa, alikuwa kinyume chake kabisa. Alikalia kiti chake katika Seneti miaka mingi, na mchango wake wote kwenye mijadala ya taifa ulikuwa maneno matatu: naunga mkono hoja. Mapheello alikuwa akimsikiliza redioni huku anakanda unga wa mkate. "Ameunga tena," angesema. "Huyu ataunga mkono hata maziko yake." Chifu alipofariki kweli, sikumsikia tena akiurudia utani huo.

Akavaa nyeusi, gauni, kitambaa na blanketi. Kiti cha chifu kikamwangukia yeye, na pamoja nacho kiti cha Seneti. Khoabane, mdogo wa marehemu, alikuwa amekwisha kukipima kwa macho, kwa hiyo hakulala vizuri.

Basi ukaletwa muswada wa bwawa la pili. Mapheello alitaka kitu kimoja tu kiongezwe humo: kijiji kilicho ukingoni mwa bwawa kipate bomba kabla maji hayajavuka mpaka. Alikuja kwangu kuyapanga maneno yake, nami nikiwa nachuja pombe nikamwambia yanatosha, aache kuyapamba.

Tatizo lilikuwa ile nyeusi. Mjane aliyeivaa hukaa karibu na mlango, hurudi nyumbani kabla jua halijazama, na hapazi sauti mbele za wanaume. Haivui mwenyewe. Ukoo wa mume ndio unaochinja kondoo na kumvika nguo mpya, na mkubwa wa ukoo sasa alikuwa Khoabane. Muda ulitimia, Khoabane akasema kondoo amekonda. Tukangoja. Akasema mjomba anaumwa. Tukangoja tena. Mjomba alikuja kwangu kunywa, mzima kabisa, akaimba. Ndipo tulipoelewa kwamba shemeji anangoja mjadala upite.

Mapheello alimwendea. Nilikuwepo. Khoabane hakuficha, alimwambia kwa upole wa kuudhi, "Shemeji, wewe nenda Maseru, kaa pale mlangoni, watu wakinyoosha mkono nawe nyoosha. Kusema tuachie wenye sauti."

"Sawa, shemeji," Mapheello akamjibu, akaaga kwa adabu zote. Mimi nilitaka kumrukia yule mwanaume.

Tulikwenda wote, maana mjane hasafiri peke yake. Nikakaa sehemu ya wageni, juu. Waziri alieleza bwawa kwa takwimu nyingi, machifu wakafuatana kuunga mkono, mmoja akishindana na kikohozi chake. Ukumbi ulikuwa na vurugu za kawaida, watu wananong'ona na kufunua makaratasi. Mapheello, pale kwenye kiti cha mlangoni, akasimama. Niliona midomo ikienda. Sikusikia kitu.

Mwenyekiti akamwomba awashe kipaza sauti. Hakukigusa. Mwenyekiti akarudia ombi, na hapo watu wakaanza kugeuka.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "mimi ni mjane mwenye nyeusi. Mila mnayoijua nyote imenikataza kupaza sauti. Haijanikataza kusema. Anayetaka kusikia, anyamaze."

Jamani, wakanyamaza. Yule wa kikohozi alijiziba mdomo kwa blanketi lake. Waziri alibeba kiti chake, akasogea. Wanaume wazima waliinamia upande wa mlango kama watu wanaosikiliza iwapo maziwa yanachemka. Hata waandishi wa redio walishuka na kupiga magoti miguuni pake na vyombo vyao.

"Mnajadili bwawa la pili," akasema kwa sauti ile ile ya kubembelezea mtoto, "na mimi la kwanza sijalionja. Mume wangu aliliunga mkono humu ndani. Aliahidiwa bomba. Siku tulipomwosha maiti, maji tuliyachota wanakonywea ng'ombe. Sikatai maji yauzwe. Hata mimi nauza mayai, lakini mwanangu hula kwanza. Liandikeni hilo kwenye sheria. Na asiyetaka liandikwe, asimame aseme kwa nini, nami nitanyamaza nimsikie."

Chifu mmoja wa nyanda za chini alisimama, akalalamika kwamba mwanamke huyu anawatusi na kuwaletea mkosi wa msiba ukumbini.

"Asemaye barazani hashtakiwi kwa neno lake," Mapheello akamjibu. "Nayo ni mila, Chifu. Ukizichukua, chukua zote."

Akakaa. Mimi huko juu nilikuwa nalia na sikuona haya. Mikono iliponyooshwa, kifungu kilipita, na hata kule Bunge la chini walipojaribu kukinyofoa baadaye, walishindwa, kwa kuwa nchi nzima ilikwisha kutega masikio kwenye redio kumsikiliza mjane anayenong'ona.

Tuliporudi tulimkuta Khoabane uani, amevaa kofia nzuri, kondoo amefungwa, gauni jipya la buluu liko mkononi. Ukoo umekusanyika. Kondoo aliyekonda amenenepa ghafla, na mjomba kapona. Alitaka aonekane ndiye aliyemfungua shujaa.

Mapheello alilishika lile gauni, akalipapasa, akalisifu mshono. Kisha akamrudishia.

"Sheria si maji, shemeji," akasema. "Nitavua siku bomba litakapotoa maji. Mpaka siku hiyo Seneti itanisikia hivi hivi."

Wazee waliguna. Mjane asiyevuliwa ni aibu, na aibu hiyo haimwangukii yeye. Inawaangukia wakubwa wa ukoo, watu wanauliza kama wamekosa hata kondoo. Kanisani wanauliza, mnadani wanauliza, na mimi kilabuni kwangu siwazuii wateja kuuliza. Mkuki kwa nguruwe.

Kwa hiyo ukifika ofisi ya maji wilayani asubuhi yoyote, utamkuta mwanaume mwenye kofia nzuri ameegemea dirisha, anauliza mabomba ya Ha Sekhonyana yataletwa lini. Makarani wanamjua kwa jina. Wanasema anapaza sauti sana.