Mkono Ulionenepa Bila Nguvu

Jumatatu asubuhi niliambiwa kwamba fundi cherehani wa mtaa wetu amefariki, na kabla ya alasiri tulikuwa tumeshamzika. Simtaji jina, lakini msomaji wa hapa Kindu atamjua. Abakosti nyingi, zile suti za wakubwa zisizovaliwa na tai, zinazokaa mstari wa mbele kwenye mikutano ya chama zilipita mikononi mwake, kanzu za Idi vilevile, na hii niliyovaa nikiandika aliishona yeye. Wanasema ni moyo. Sina la kubisha, ila najua kwamba alianza kututoka miaka miwili nyuma, sisi majirani tukiwa tumemzunguka na machupa ya mawese.

Ilikuwa siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi. Tulikuwa tunabeba mabati, moja likatuponyoka, likamkata chini ya kiwiko cha mkono wa kulia. Kidonda kilifunga vizuri, tukashukuru Mungu mapema mno. Vidole vilikataa kubana mkasi, na mkono ukaanza kukonda. Muuguzi wa zahanati alitueleza kwa subira kwamba neva imekatika, na nyama isiyopata amri ya neva hupungua. Neva huweza kuota tena, lakini polepole, na kwa mtu wa umri wake nyama huweza kuchoka kungoja. Akatuomba tusimjaze mafuta, kwa sababu mafuta hayageuki kuwa nyama na huenda yakamharibia zaidi.

Katika yote hayo sisi tulishika neno moja, kukonda. Na kwetu mtu akikonda analishwa. Huyu alileta mawese, yule mafuta ya mbuzi, na mimi, msomi wa mtaa, nilimletea mkia wa kondoo na kusimama hapo mpaka aumalize. Kila Ijumaa baada ya sala alijizungushia utepe wake wa kupimia, maana fundi haamini jicho. Mwezi wa tano utepe ukaonyesha mkono umeongezeka. Tulicheka kibarazani kama watu waliopata mtoto. Kisha akaweka kitambaa mezani, akachukua mkasi, nao ukamteleza mpaka sakafuni. Akaujaribu mara ya pili, ukaanguka tena. Mkono ulikuwa umejaa mafuta matupu.

Zahanati hiyohiyo ilikuwa imemfunga kidonda mwanamke kijana wa Kailo, aliyejikata kwa panga shambani, mahali palepale pa mkono. Huyo hakuletewa mkia na mtu. Alikula ugali wake na sombe ya majani ya muhogo, na baada ya miezi kadhaa fundi alimkuta sokoni akitwanga kwa mikono miwili. Aliporudi nyumbani alinisimulia, kisha akaniuliza kwa nini yeye hapana. Nilimjibu kwamba yule ana damu changa. Ni kweli, lakini hata sasa naona aibu kwamba nilimwambia mzee vile na kunyamaza.

Ijumaa moja nilipita kwake na chupa yangu ya mawese, nikiwa na haraka, kwa sababu wilaya ilikuwa imetuita uwanjani kuimba na kumchezea mgeni kutoka Kinshasa. Nilimkuta mlangoni, shati wazi, adhana imeshaita. Mke wake alikuwa shambani.

"Baba, unifungie vifungo," aliniambia. "Munaniletea mafuta kila siku. Hakuna muntu mwenye aliniuliza miye niko nataka nini."

Nilimwambia nakuja sasa hivi. Nikaweka chupa kizingitini, nikakimbilia uwanjani, nikaimba mpaka sauti ikakauka. Baadaye nilisikia kwamba siku hiyo hakwenda msikitini. Mtu aliyewafungia wakubwa wote vifungo kifuani alikaa ndani kwa ajili ya vifungo sita.

Neva yake nisingeweza kuiunga, wala umri wake kuurudisha nyuma. Muuguzi hakuweza, na daktari wa mbali labda naye asingeweza. Hilo lilituuma, na ili lisitutafune tukatafuta kitu cha kubeba mkononi tunapobisha hodi. Tulimlisha ili sisi tupate nafuu. Wewe mwenye mgonjwa ambaye huna dawa yake, acha chupa nyumbani. Nenda ukamuulize anataka nini, na likiwa ni dogo la dakika mbili, lifanye kabla hujaondoka. Mimi nilikuwa nazo hizo dakika mbili.