Saa Moja na Nusu hadi Oslo

Keziah anahudumia wazee katika makao yao huko Coon Rapids, Marekani, mwaka wa kumi na tisa sasa. Ni mtu wa maneno machache. Kuhusu kifo cha mdogo wake wa kiume, Wanjala, aliniambia tu kwamba alichelewa siku mbili.

Wanjala aliugua ghafla mjini Oslo, alikokuwa akiishi peke yake. Kaka yao mkubwa, Jotham, alikuwa Berlin. Kwetu Waluhya, aliye karibu na mgonjwa ndiye hutangulia, wengine wakafuata. Keziah akampigia simu.

"Dada yangu, hujui Ulaya," Jotham alimwambia. "Hapa hadi kule ni safari ya siku nzima, ndege tatu. Naanza safari, lakini wewe wa Amerika utafika kabla yangu."

Akamwamini. Kaka mkubwa hapimwi kwa ramani. Aliomba ruhusa kazini, akabadilisha ndege mara mbili, akakuta Wanjala ameshapelekwa mochari. Muuguzi alimweleza kwamba kila jioni mgonjwa alikuwa akiuliza kama Jotham ameingia.

Miaka minne ikapita. Mei hii Natasha, binti wa Keziah, akachumbiwa, na Jotham akaja kukalia kiti cha mjomba. Mahari kwetu haizungumzwi bila mjomba wa binti. Hata ng'ombe wa mjomba hutengwa mapema. Ijumaa, siku moja kabla ya wageni wa upande wa mchumba kufika, tulikuwa jikoni kwa Keziah, Burnsville, tukikatakata kuku, naye Jotham akanigeukia kwa utani.

"Mama Lois, nyinyi huku kununua chumvi tu mnaendesha gari nusu saa. Ulaya ni kijiji. Juzi nimeenda harusi Oslo. Saa moja na nusu angani. Kahawa haijapoa, tunaambiwa tufunge mikanda tunashuka."

Nilicheka. Keziah aliweka kisu chini.

"Ulipanda ndege ngapi?"

"Moja tu." Ndipo akatambua alichosema. Kicheko kikabaki mdomoni mwake kama tonge la moto.

"Kilomita mia nane na arobaini," Natasha akasoma kwenye simu yake. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Kezi, niliogopa," Jotham akasema. "Mimi siwezi kumtazama mtu akikata roho. Unanijua."

"Ungesema unaogopa. Kuna Wakenya Oslo. Ningemtafutia mtu wa kumshika mkono." Akasogeza kuku kando. "Sikumtafutia mtu kwa sababu nilijua wewe uko njiani."

Akanawa mikono, akaenda chumbani. Jotham alidhani yamekwisha. Jioni hiyo alipiga pasi koti lake, na asubuhi akaketi mbele, pale pa mjomba.

Wageni walipokwisha kuketi, msemaji wao akasimama. "Kabla ya neno lolote, tungependa kumsalimu mjomba wa binti. Ni nani hapa?"

Jotham akaanza kuinuka.

"Mjomba wake alifia Oslo," Keziah akasema. "Zungumzeni na mimi."