Kokoto Moja kwa Watu Sita

Ulikuwa mwaka wa ishirini na nne wa vita vyetu na Wasparta. Hapana, nimekosea, ulikuwa wa ishirini na sita, maana tulikuwa tumeshayeyusha sanamu za dhahabu za hekaluni tupate kuwalipa wapiga makasia. Smikitho alikuwa mmoja wao. Vita visipomwita alishona viatu, jirani yangu hapa Athene, mtu mpole asiyejua kugombana hata na mnunuzi msumbufu.

Tulishinda baharini, kisha dhoruba ikapiga, na watu wetu waliokuwa wakielea juu ya mabaki ya merikebu hawakuokotwa. Kaka yake Smikitho, Likisko, alipotea hivyo, hata mwili wa kuzika haukupatikana. Smikitho mwenyewe aliponea kwenye ubao, yeye na jemadari wake, wakishikana mikono mmoja asije akateleza.

Majemadari sita waliorudi wakashtakiwa kwa kuwaacha watu wafe. Yule wa ubaoni alikuwemo. Smikitho akaniambia atakwenda kumtetea, maana mtu aliye majini atamwokoaje mwenzake? Wale watano hakuwa na huruma nao. Mama yake alikuwa amenyoa kichwa kumlilia Likisko.

Tukapanda kilimani kwenye mkutano wa wananchi. Mtu mmoja akasimama, akasema sheria inataka kila mshtakiwa ahukumiwe peke yake. Kelele zikaanza mahali fulani, zikaenea: wananchi ndio wenye mji, nani wa kuwazuia? Yule mtu akakaa. Smikitho aliinua mkono aombe kusema mpaka bega likamuuma. Hakuna aliyemtazama ila Evthia, muuza samaki wa chumvi.

“Kaka yako yuko tumboni mwa samaki,” Evthia akamwambia, “wewe unahangaika na bwana mkubwa?”

Tukapanga foleni, kila mtu na kokoto yake ya kura. Kila ukoo uliwekewa mitungi miwili, wa kwanza wa kufa, wa pili wa kuachiwa. Smikitho akamwinamia karani.

“Mzee wangu, mimi nataka huyu mmoja tu apone. Kokoto yake naitia wapi?”

“Kokoto ni moja, bwana mdogo. Ni ya wote sita.”

“Basi nipe sita.”

Watu wakacheka. Evthia akasema huyu anataka kupiga kura ya ukoo mzima, atie upesi, miguu inatuuma.

Nilikuwa nyuma ya Smikitho. Mkono ulikwenda kwenye mtungi wa pili, ukarudi, ukabaki hewani. Akamtaja kaka yake kwa sauti ndogo, akaitia kokoto kwenye ule wa kwanza.

Wote sita walinyweshwa sumu. Haukupita muda mji ukajuta, ukaamua washtakiwe waliowadanganya wananchi. Kwa vinyozi kila mtu akawa amedanganywa. Smikitho hakusema hivyo. Alirudi kwenye viatu vyake, na kilima kile hakukipanda tena mpaka tulipomzika, hata walipoanza kutulipa kwa kuhudhuria mkutano.

Mimi nimezeeka nikitembea mji kwa mji. Nikikutana na mtu wa siku ile humuuliza swali moja tu, naye huniambia alisimama mbali, hakusikia vizuri: ni nani kati yetu aliyeanza kupiga kelele?