Shimo la majitaka na mzabibu wa mzee wangu

Jamani, leo nimeomba maji yapotee ardhini, mimi niliyeyatafuta kwa ndoo maisha yangu yote!

Tunajenga choo cha ndani hapa Ipagala, maana miguu yangu kule nje haifiki tena.

Fundi akasema lazima apime kwanza kama udongo unakunywa maji, ndiyo ajue pa kuchimba shimo la majitaka.

Nikamwonyesha kule nyuma. Akachimba kishimo, akamwaga maji.

Nikapika chai, tukanywa, tukamaliza. Maji yapo tu yananitazama. Udongo wa mfinyanzi mtupu!

"Bibi, hapa litafurika. Tujaribu pale kwenye mzabibu."

"Pale hapana!"

Ule aliupanda marehemu mume wangu. Alikuwa anaumwagilia jioni huku anaimba Kigogo, na sauti yenyewe mbaya, mtu wa watu. Laiti ningeisikia leo hata mara moja.

Fundi akasema tupime tu, akachimba kishimo pembeni yake, akamwaga. Sijamaliza kufunga kanga, maji yamekwenda. Udongo wa kichanga.

"Ndipo hapa, bibi."

Nikasema haya, chimbeni kesho.

Ila nimekata vijiti vitano vya mzabibu, nimevifunga kwenye kitambaa kilicholowa.

Mwenye kona ya kichanga ya kuvipanda anijibu hapa. Kumwagilia nitakuja mwenyewe, hata kwa bodaboda.