Gari Lililopimwa kwa Tepu ya Fundi Cherehani

Ukitaka kumjua Athanasi, mpelekee kitambaa. Atakuzunguka, atakutazama mabega, atakwambia bila aibu kwamba la kushoto limeshuka kuliko la kulia, kisha atakushonea suti itakayoficha kasoro hiyo hata kwa mke wako. Hapa Majengo watu wanamsubiri hata akiwachelewesha, na kuwachelewesha anawachelewesha kweli. Mimi Oliva nauza vitenge fremu ya jirani, kwa hiyo malalamiko yao yote huishia masikioni mwangu huku yeye amejificha nyuma ya pazia la kujaribia nguo.

Sheria yake ni moja: hapimi nguo bila mwenye mwili kuwapo. Watu humletea gauni la zamani la shangazi wakitaka apimie hilo. Hukataa.

"Gauni halina mgongo," husema. "Nileteeni mtu."

Cha pili anachokipenda baada ya cherehani yake ni gari lake jeupe, la mtumba. Shokapu za mwanzo zilikuwa zimekufa, zinavuja mafuta, na gari likipita tuta moja liliendelea kunesa mpaka tuta linalofuata. Mtu mwingine angenunua shokapu za kawaida akapumzika. Athanasi akaagiza Dar zile za kurekebisha, pamoja na springi ndefu za kulinyanyua gari, zenye ringi ya kupandishia na kushushia. Abuu, fundi gari wetu, akazifunga na kumwonyesha kifundo kidogo kilichoko juu ya kila shokapu: ukizungusha huku inakaza, ukizungusha kule inalegea. Athanasi akazikaza zote mpaka mwisho.

"Una uhakika, kaka?" Abuu akamuuliza.

"Mimi hushona mishono miwili," akajibu. "Sipendi vitu legelege."

Abiria wa kwanza wa heshima alikuwa mama yake, Bibi Aurelia, ambaye nyonga yake moja humsumbua tangu alipoteleza kisimani. Tulitoka misa ya Jumapili, yeye amekaa mbele kama malkia, mimi nyuma. Tulipofika kwenye mashimo ya Lizaboni akatoa rozari. Nilidhani ni uchaji. Kumbe alikuwa anaomba tufike. Gari lilipiga kila shimo kwa kishindo, na kila kishindo Bibi aliongeza sauti, mpaka ikawa kama anaongoza jumuiya nzima.

Nyumbani akashuka akiwa ameshikilia mlango.

"Mwanangu, asante. Gari lako limenihesabia mifupa yote, na mingine sikujua kama ninayo. Sipandi tena."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Athanasi hakucheka, na baadaye nikaelewa sababu. Mdogo wake Bibi, Sista Walburga, alikuwa anakaribia jubilei ya dhahabu, miaka hamsini ya nadhiri zake, huko kwenye nyumba ya watawa, mbele ya Namtumbo kwa barabara ya vumbi. Hao ni dada wawili waliobaki katika tumbo lao. Basi lina ngazi ambazo nyonga ya Bibi haiziwezi. Ni gari la Athanasi au kubaki nyumbani.

"Mwambieni Walburga nitamwombea nikiwa hapa hapa," Bibi akasema. Kisha akaingia ndani, akalikunja gauni jipya ambalo mwanawe alikuwa amemshonea kwa siku hiyo, akalirudisha sandukuni. Nililiona kwa macho yangu, na kicheko chote kikaniishia. Nilimhurumia mama, na kusema kweli nilimhurumia mwana zaidi.

Kuanzia hapo Athanasi hakukalika. Akifunga fremu tu anakwenda kwenye gari, anazungusha vifundo, anaondoka peke yake, anarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Akilegeza, gari linayumba, na akikanyaga breki pua inainama kama linataka kunywa maji. Akikaza, mashimo yanarudi. Akapunguza upepo wa matairi, akaujaza tena. Kila mara alisema sasa ni safi, na kila mara nilipopanda mimi haikuwa safi hata kidogo. Bibi alikaa mlangoni akichambua maharage, wala hakugeuza shingo.

Wakati huo nguo za watu zinarundikana. Bwana harusi mmoja nusura aende kanisani na koti bila suruali. Nilimfokea Athanasi, tena mbele ya wateja, maana matusi yao nilikuwa nakula mimi.

Basi siku moja akaja mwalimu Evaline, mgeni hapa mjini, na gauni ndani ya mfuko wa rambo. Alitaka mama yake ashonewe jingine la saizi hiyo hiyo. Athanasi hakuinua hata macho.

"Gauni halina mgongo, mwalimu. Nileteeni..."

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa. Akanitazama.

"Oliva, lile gari nimelipimia nani?"

"Si wewe mwenyewe! Na wewe mwembamba kama sindano."

Akavaa tepu yake shingoni, akatoka. Mwalimu wa watu nikamwachia kiti, nami nikafuata, kwa sababu jambo kama lile halisimuliwi, linaonwa.

Bibi alikuwa mlangoni kwake na ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama ni gari, jibu unalo."

"Sikuombi usafiri, mama. Nakuomba uje ujaribu tu, kama nguo. Ufunguo huu hapa, ushike wewe."

Mama wa fundi cherehani anajua kujaribu nguo ni nini. Aliufunga ule ufunguo kwenye pindo la kanga, fundo la kubana kweli, ndipo akaenda. Abuu akaitwa. Mimi nikaketishwa nyuma, ndoo ya maji mapajani badala ya ndoo ya togwa ya jubilei, ili uzito uwe ule ule wa safari.

Athanasi akapiga magoti kwenye vumbi, akapima kwa tepu kutoka gurudumu mpaka ukingo wa bodi, huku na huku, akaweka alama za chaki ya kitambaa kwenye rangi nyeupe. Abuu alicheka hadi spana ikamdondoka. Hata hivyo akazishusha springi za mbele, akalegeza shokapu. Kisha wawili hao wakalisukuma gari chini na kuliachia.

"Hapo je, mama?"

"Panabana kiunoni."

Wakalegeza.

"Na hapo?"

"Sasa nazama. Nataka kuona njia, si dashibodi."

Wakakaza kidogo tu. Bibi alifumba macho, akatulia kama anaonja mchuzi. Maji ya ndoo yangu yaliyumba mara moja yakatulia.

"Hapo hapo. Asiguse mtu."

Akafungua pindo la kanga na kumrudishia mwanawe ufunguo.

Siku ya safari gauni lilitoka sandukuni. Athanasi aliendesha mabega yamepanda hadi masikioni. Kila tuta alimtazama mama yake kwanza, tuta baadaye, mpaka nikamkumbusha kwamba na mimi nina watoto. Bibi alikuwa na rozari mkononi, midomo inacheza. Tulipita Namtumbo, tukaacha lami, tukaingia kwenye vumbi, na mashimo yakaanza.

Rozari ikaanguka sakafuni.

"Mama! Mama, vipi?"

Hakujibu. Athanasi akapauka, mguu ukaenda kwenye breki. Mimi nikainama mbele nikatega sikio. Alikuwa anakoroma.

"Endesha," nikamnong'oneza. "Endesha, usimwamshe."

Sista Walburga alitupokea getini, kilemba cheupe, mikono imefunguka. Bibi alizinduka, akanyoosha gauni, akashuka mwenyewe.

"Dada yangu! Pole na barabara."

"Barabara gani?" Bibi akasema. "Mimi nilikuwa nimelala."

Wakashikana, wakalia, wakachekana kwa uzee. Nilikwenda nyuma ya gari kuchukua vikombe vya togwa nikamkuta Athanasi ameinama, anafuta vumbi kwenye bodi kwa mkono wa shati lake jipya, akirudia mahali pale pale, na machozi yanamtoka. Zilikuwa zimebaki alama za chaki karibu na gurudumu. Nilitaka kumtania, maneno ninayo siku zote, lakini nilichukua vikombe nikaondoka.